Goti la Mudathir

Mume wangu Mudathir hajui kusema uongo. Sisemi ni walii, la hasha. Kuusema anausema, ila hana kipaji. Muulize nani kamaliza halua niliyowawekea wageni, atakukazia macho kama kadhi, sauti imetulia tuli, "Sijui, mama Samiha, labda watoto wa jirani," na papo hapo mkono wake wa kulia unateremka wenyewe hadi kwenye goti na kuanza kulisugua. Analisugua kama mtu aliyeumwa na siafu. Mwenyewe hana habari. Tulioana kabla Samiha hajazaliwa, sasa Samiha kanipita kimo, na sijawahi kumwambia baba yake jambo hilo. Mwanamke lazima abaki na akiba yake, jamani.

Basi alipokuja kuniambia kuna kampuni inataka kumpima kwa mashine ya kugundua uongo kabla ya kumpa kazi, nilicheka hadi nikajidunga sindano. Mie ni fundi cherehani, nashona sare za shule na madera pale barazani kwetu Ngamiani, na wakati ule nilikuwa natia ukosi wa shati. "Mashine ya nini?" nikamwambia. "Waniite mie, nitawafanyia kazi hiyo kwa kikombe cha chai." Hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa baraza akasema, "Sabra, kazi hii naitaka, na kipimo hicho nakitaka zaidi." Nikaacha kucheka, maana nilijua anataka nini. Au nilidhani najua.

Zamani Mudathir alikuwa mtunza ghala, na aliipenda kazi hiyo kuliko wanaume wengine wanavyopenda mpira. Alijua kila katoni imelala ubavu gani. Ghala lake lilinukia sabuni kuliko jiko langu, nami nilimwambia hivyo kwa hasira zaidi ya mara moja. Siku moja mzigo wa vipuri vya magari ukapotea mle ndani. Mlango haukuvunjwa, na funguo alikuwa nazo yeye. Wakamhoji, wakamwachia, wakamhoji tena. Hakushitakiwa, kwa kuwa hapakuwa na la kumshitaki, na mwizi hajajulikana hadi leo. Lakini kazi ikaisha, na watu wakabaki na yale macho. Mnayajua macho ya mtaani: mtu anakusalimia vizuri kabisa, anakuuliza habari za watoto, kisha anautupia jicho mlango wako kuona kama umeweka mpya.

Hapo ndipo mume wangu alipozimika. Sikujua kama mtu mzima anaweza kuzimika vile huku anapumua. Alilala akiutazama ukuta. Akiletewa chakula analia. Aliacha kunyoa, aliacha kwenda msikitini, akaacha hata kugombana nami, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Mama yake, Bi Mwanamkasi, tunayekaa naye nyumba moja, alisema mwanawe kafanyiwa mambo. Akasomewa, akafukizwa, akanyweshwa kombe la maji ya aya. Sina neno na dua, dua ni dua, lakini mtu alizidi kukonda. Mwisho nikamkokota mwenyewe hadi kliniki ya afya ya akili, nikamkuta Dakta Anjela, mwanamke mfupi mwenye kicheko kikubwa. Alituambia ugonjwa huu unaitwa sonona, una dawa, na dawa yenyewe haina haraka.

Kweli haikuwa na haraka. Lakini asubuhi moja nikasikia mtu uani anamgombeza jogoo. Nikatoka kuangalia, ni Mudathir. Wallahi nilikaa chini pale pale penye ndoo nikalia kwa furaha. Tangu siku hiyo kidonge kikawa sehemu ya kifungua kinywa chetu: chai, muhogo, kidonge. Akaanza kutengeneza baiskeli za watu, na Ngamiani baiskeli haziishi. Akawa anacheka tena, anakula halua yangu tena na kuisingizia majirani. Nyumba ikarudi kuwa nyumba.

Kazi hii mpya ilikuwa Horohoro, mpakani kule, kwenye ghala la mizigo inayosubiri kuvuka kwenda Mombasa. Walitaka mtunza ghala mzoefu. Mudathir alikwenda huko kwenye usaili akarudi anatembea kwa madaha kama bwana harusi. Wamempenda, akasema, kimebaki kipimo tu. Mizigo yao ni ya thamani, kwa hiyo kila anayeshika funguo lazima akalie kiti cha ile mashine. Atakuja mtaalamu kutoka Dar, watapimiwa kwenye ofisi moja ya kupanga kule Chumbageni.

Siku kadhaa kabla ya kipimo, mambo nyumbani yakaanza kuharibika. Kwanza ni ndoto. Alikuwa anaota mpaka anapiga kelele, na akiamka shuka imelowa jasho. Kisha machozi. Alisikia redioni tangazo la kifo cha mzee mmoja wa Pangani ambaye hatumjui hata kwa kusikia, akalia kama kafiwa na mjomba. Kisha hasira: aliitukana pampu ya baiskeli matusi ambayo sikujua anayajua. Akitembea uani anashika ukuta. "Nikigeuza macho," akaniambia, "kuna kitu kinanipiga kichwani, kama umeme. Tsss! Halafu kinaondoka."

"Malaria hiyo," nikasema. Akapimwa, hana malaria.

"Dawa yako unameza lakini?"

"Nameza, Sabra. Kila siku."

Mkono ukateremka gotini.

Lo! Nikasema haya basi, nimepatikana. Mtu anatoa jasho, halali, anaangua kilio bila sababu, anadanganya, na juzijuzi tu katoka mpakani. Mie sikusoma sana lakini hesabu hiyo naiweza. Nikajua huko Horohoro kuna mwanamke. Nikamwona kabisa kichwani mwangu, anauza vitenge kando ya barabara, ana mwanya. Nikampa hata jina, nikamwita Brightness. Sijui kwa nini Brightness, niliona tu linamfaa. Kwa siku zile zote nilishona nguo za watoto wa watu huku nagombana na Brightness kimoyomoyo, na mishono ilikuwa imebana kweli kweli.

Asubuhi ya kipimo, Bi Mwanamkasi aliamka mapema kuliko muadhini. Akamchemshia mwanawe maji yenye majani ya mrehani, akamwogesha kichwa kama mtoto, akamfukiza udi, akamvika kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama. Mudathir hakula chochote. Nilimsogezea chai, mikono inamtetemeka hata akaimwaga kwenye kisahani. "Funga tu," mama yake akamwambia, "nenda hivyo hivyo." Nikashangaa kidogo. Nani anafunga kwa ajili ya usaili? Lakini mie nilikuwa na Brightness wangu kichwani. Akapanda bajaji, akaenda.

Nikachukua suruali yake ya kazi nikaitie majini. Kabla ya kufua mimi hupekua mifuko, kila mke anajua kwa nini. Na siku ile nilipekua kwa moyo wote. Nilitarajia namba ya simu, kitambaa, hata picha. Nikatoa vidonge. Vidonge vyake, kwenye karatasi yake ya bati, vimejaa, havijaguswa hata kimoja. Vilikuwa ni vya zaidi ya wiki nzima.

Nisiwafiche, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Hakuna Brightness! Nilicheka peke yangu pale karoni. Kisha nikaelewa nilichoshika mkononi, na kicheko kikanikauka. Nikaona tena ule ukuta aliokuwa anautazama.

"Mama!" nikaita. "Mama, hebu njoo. Mudathir kaacha dawa!"

Bi Mwanamkasi alikuwa anachambua mchele. Hakushtuka hata kidogo. "Najua," akasema. "Nilimwambia mie."

"Ulimwambia wewe?"

"Sasa, mwanangu, mtu anakwenda kwenye kiapo na vitu tumboni? Kwetu Tongoni kitu kikiibwa husomwa halbadiri, kisomo cha kumtoa mwizi. Asiye na hatia haogopi, ila anakwenda akiwa msafi. Kaoga, kafunga, hana hirizi wala dawa ya mtu. Ukienda na kitu mwilini, watasema umejikinga. Mwanangu hakuiba, Sabra. Nataka akae pale mtupu kama nilivyomzaa, waone wenyewe."

"Mama, ile ni mashine! Ina waya! Haijui udi!"

"Si inatafuta mwongo?"

"Inatafuta!"

"Basi ni kiapo."

Nilitaka kupiga ukelele. Mnajua ilivyo vigumu kumgombeza mkweo? Unatakiwa kukasirika huku umeinamisha kichwa. Nikamuuliza, kwa adabu ya kujilazimisha, na vidonge vyake vya presha angeviacha akienda kwenye kiapo? Akasema presha ni ya mwili, ile ya Mudathir ni huzuni, na huzuni inaondoka haki ikipatikana. Maskini, alikuwa anasema kwa mapenzi. Alitaka mwanawe asafishwe mbele ya watu, basi. Nikamwacha na mchele wake, nikampigia simu Dakta Anjela.

Dakta hakucheka siku hiyo. Akaniambia dawa ile haikatwi ghafla, hupunguzwa polepole kwa miezi, na daktari akijua. Mwili umeizoea, ukiunyang'anya kwa mara moja unafanya fujo: umeme wa kichwani, kizunguzungu, jasho, ndoto, machozi. "Na hiyo mashine," akasema, "haioni uongo, mama Samiha. Inaona pumzi, mapigo ya moyo na jasho. Sasa hivi mumeo anatoka jasho hata akiulizwa jina lake. Mwambieni anayempima, halafu mniletee huyo bwana leo leo."

Nilivaa baibui juu ya dera la kufulia, nikachukua baiskeli ya mteja wa Mudathir iliyokuwa imeegeshwa barazani, nikaifyatua kuelekea Chumbageni. Haikuwa na breki. Nililijua hilo nikiwa tayari kwenye mteremko. Mbele yangu kulikuwa na mzee na mkokoteni wa madafu, nikapiga kelele "Babu shikamoo, nipisheee!" akaruka pembeni na kunijibu marahaba nikiwa nimeshampita.

Nilipofika, mlango wa ofisi juu ghorofani ulikuwa umefungwa, na bango limeandikwa usibishe hodi. Nikakaa kwenye ngazi nje, nahema, na vile vidonge mkononi. Yaliyokuwa yanaendelea ndani alinisimulia mwenyewe baadaye, na mara hii namwamini kila neno.

Mpimaji alikuwa mwanamke, dada mmoja anaitwa Ritha, mpole, hana haraka. Kabla ya kumfunga waya alimuuliza maswali ya kawaida. Umelala? Umekula? Unaumwa? Unatumia dawa yoyote? Mudathir akasema situmii. Alijiambia moyoni kwamba si uongo, kwa kuwa kweli siku zile alikuwa hatumii. Kisha dada Ritha akamfunga mikanda miwili kifuani, kitambaa cha kupimia presha mkononi, na vibano kwenye vidole vya mkono wa kulia.

"Jina lako ni Mudathir?"

"Ndiyo."

Dada Ritha akatazama kioo cha kompyuta, akakunja uso.

"Leo tuko Tanga?"

"Ndiyo."

Akakunja uso tena. Akavitoa vile vibano, akavipangusa, akavirudisha. Jasho la Mudathir lilikuwa linadondoka hadi kwenye ile kanzu aliyovikwa na mama yake. Kila akigeuza macho, tsss kichwani, na kila tsss ile mistari inaruka. Kwa mashine ile, mume wangu hakuwa Mudathir na hatukuwa Tanga.

Kisha likaja lile swali. "Umewahi kuiba mali ya mwajiri wako?"

"Hapana," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. Anasema alilisubiri swali hilo miaka yote ile, akilala analijibu, akifunga mnyororo wa baiskeli analijibu. Leo limekuja, na mwili wake unatetemeka kama wa mwizi aliyeshikwa. Aliona mistari inavyorukaruka akajua imekwisha. Ukweli anao, lakini mwili umekataa kumtolea ushahidi.

Dada Ritha akangoja atulie. Akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kaka Mudathir, kuna kitu chochote umenificha leo?"

"Hapana," akasema.

Na mkono wake wa kulia, na waya zake zote, ukaondoka kwenye kiti ukaenda gotini. Vibano vikafyatuka vidoleni, kimoja kikaruka hadi chini ya meza. Ile mashine ikapiga mlio. Wakabaki wanatazamana.

"Nimekudanganya, dada," Mudathir akasema. "Dawa natumia. Nimeziacha wiki iliyopita ili nije kwako msafi."

Dada Ritha akazima kila kitu. Akavua mikanda, akampa maji, akamsikiliza tangu mwanzo: vipuri, ukuta, kidonge, halbadiri ya Bi Mwanamkasi. Hakumcheka. Alimwambia mwili ulioachishwa dawa ghafla haupimwi, na kwamba majibu ya leo hayafai kumtetea wala kumshitaki, ni takataka. Angemeza dawa zake na kuzitaja, angepimwa vizuri tu, watu wengi wanapimwa wakiwa na dawa zao. Ataieleza kampuni kwamba apimwe upya daktari akiridhia. "Ila kama watakusubiri," akasema, "hilo siwezi kukuahidi. Wanataka mtu haraka."

Mlango ukafunguliwa akatoka. Akaniona nimekaa kwenye ngazi, kichwa wazi, mtandio umeangukia shingoni, nimeshika vidonge kama tasbihi. Akakaa kando yangu. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, tena makali, na yote yakanitoka.

"Kazi hiyo nadhani imekwenda," akasema.

"Kazi na iende! Nani kakwambia uache dawa bila kuniambia? Mie nani wako?"

Kisha akasema, anatazama viatu vyake, "Nilitaka nikuletee majibu."

"Uniletee mie?"

"Wewe. Sabra, tangu vitu vile vipotee hujaniuliza hata mara moja kama niliiba. Mtaa mzima uliniuliza. Mama aliniuliza. Wewe kimya. Nikasema huyu anaogopa jibu. Nikasema nikipimwa, nikifaulu, nitamwekea majibu mbele yake na moyo wake utatulia. Na nisiwe na kidonge, usije ukasema ni kidonge ndicho kilichonituliza."

Jamani, hasira niliyoipata. Nilisimama. Nilitaka kumpiga kwa kile kiatu alichokuwa anakitazama. Miaka yote ile nimelala kando ya mtu huyu, nimemlisha uji kwa kijiko, nimemkokota hospitali, na yeye ndani ya kichwa chake anadhani nimelala na mtu ninayemshuku!

"Sikukuuliza," nikamwambia, sauti yangu inasikika hadi barabarani, "kwa sababu nilishakuona! Siku ile umerudi kutoka ghalani, umesimama mlangoni, ukasema, 'Sabra, wanasema nimeiba, na mie sikuiba.' Unakumbuka mikono yako ilikuwa wapi?"

"Mikono?"

"Ilikuwa kichwani. Yote miwili. Hukugusa goti. Ukidanganya, Mudathir, unasugua goti. Unasugua goti la kulia tangu siku uliyonioa. Halua unasugua goti. Ukichelewa kurudi unasugua goti. Siku ile hukusugua, na mie nikajua, nikaingia jikoni kukupikia. Sasa nikuulize nini tena?"

Alinitazama. Akautazama mkono wake. Akaugeuza akautazama kiganjani, kama leo ndiyo kwanza kapewa.

"Hata halua?" akauliza.

"Hata halua."

Akaanza kucheka na kulia pamoja, na mie nikakaa nikamfuata, tukawa wajinga wawili kwenye ngazi za watu. Nilijua nimetumia akiba yangu yote kwa siku moja. Sikujuta.

Tukaenda moja kwa moja kwa Dakta Anjela, tukapita kumchukua Bi Mwanamkasi kwa kuwa dakta alisema aje. Mudathir alimeza kidonge mbele yetu sote. Dakta alimwambia akitaka kuacha siku moja atasaidiwa naye kuipunguza, polepole, hakuna aibu katika kuacha wala katika kuendelea. Kisha akamgeukia mkwe wangu. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, anayekwenda kwenye kiapo akaacha miwani yake nyumbani, atakuwa msafi zaidi?"

Bi Mwanamkasi akafikiri sana. Yeye miwani haachi hata akienda kuoga. "Atajikwaa mlangoni," akasema.

"Basi Mudathir kajikwaa mlangoni."

Tulipofika nyumbani mama aliichukua ile kanzu yenye jasho akaifua kwa mikono yake, akaianika, na wakati anaianika akasema bila kunitazama, "Nilidhani namsaidia." Nikamwambia najua, mama. Nikamshikia upande wa pili wa kanzu tukaikamua vizuri.

Umeme wa kichwani ulikwisha baada ya siku chache. Ndoto nazo zikaondoka, na pampu ya baiskeli ikaacha kutukanwa. Kampuni ilinyamaza. Kila simu ikilia nilikuwa naacha cherehani, na yeye anajifanya hasikii. Nilimwona anavyoitamani kazi ile, anavyopanga spana zake ukutani kwa ukubwa kana kwamba kuna mkaguzi atakuja. Nilimwombea dua kila swala, nami si mtu wa dua ndefu.

Kisha dada Ritha akapiga mwenyewe. Mtu waliyemtaka badala yake kapata kazi kwingine, yeye atarudi Tanga karibuni, Mudathir aje na barua ya daktari, na ale kwanza.

Safari hii alikula. Alikunywa chai na kipande kikubwa cha mkate wa kumimina, akameza kidonge, akavaa shati nililomshonea, akaenda kwa baiskeli iliyo na breki. Dada Ritha alimuuliza kama anatumia dawa, akazitaja kwa jina na kipimo. Alipomfunga vile vibano akamwambia, "Kaka, leo goti tuliache." Akaulizwa jina, akaulizwa mji, akaulizwa lile la wizi. Alisema hapana kama anavyomwambia mteja kwamba tairi hili halina pancha. Kabla ya jioni kampuni ikapiga simu: kazi ni yako, njoo uchukue funguo.

Mtaa mzima ulisikia vigelegele vya Bi Mwanamkasi. Mie nilingoja hadi tulipobaki wawili, nikamuuliza, "Haya, mashine imesema nini juu ya mambo ya zamani?"

"Sikuuliza," akasema.

"Hukuuliza! Baada ya mateso yote yale?"

"Nilishajibiwa kwenye ngazi, Sabra."

Nikanyanyuka kwenda jikoni, nikijifanya natafuta sukari.

Sasa hivi kila Jumatatu anaondoka na baiskeli hadi stendi, anapanda gari la Horohoro, anakaa huko siku za kazi na anarudi mwisho wa wiki akinukia sabuni ya ghala. Tangu ajue siri ya goti, anajitahidi sana kuudhibiti mkono wake, anaukalia, anauweka mfukoni. Haisaidii, unachomoka tu. Halua yangu bado inaliwa, na bado najua nani anayeila.

Jumatatu iliyopita alikuwa ameshafika kona ya mtaa, watu wamejaa barabarani, wauza mihogo, wanafunzi, shehe wa msikiti wetu na mswaki wake. Bi Mwanamkasi akatoka barazani na kanga yake ya kulalia, akapaza sauti yote aliyojaliwa:

"Mudathiiir! Dawa yako umemeza?"

Zamani angekufa kwa aibu. Alisimamisha baiskeli, akageuka, akajibu kwa sauti mbele ya mtaa mzima, "Nimemeza, mama!"

Nikatazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa kwenye usukani.